Visa ya kazi Uingereza na familia: someni kabla ya kuuza kiwanja

Ndugu zangu mlioko Uingereza, habari za huko.

Nawaandikia nikiwa Mwanza. Huku Buzuruga na Igoma bado wanapita mawakala wanaouza kazi za kea, yaani za kutunza wazee na wagonjwa, Uingereza, na wanawaahidi watu kwamba mume na watoto watafuata baada ya miezi michache. Kuna familia ziko mbioni kuuza viwanja vya Buswelu kwa ajili ya safari hiyo. Nyie mlioko huko ndio mnaoaminiwa, kwa hiyo pigeni simu nyumbani mseme ukweli: mlango huo umefungwa, tena umefungwa mara mbili.

Mara ya kwanza ni 11 Machi 2024. Kuanzia siku hiyo, mtu anayeomba visa ya kea kwa mara ya kwanza haruhusiwi kuleta mwenza wala mtoto. Mara ya pili ni 22 Julai 2025, ambapo hata kuajiri watunza wazee wapya kutoka nje ya Uingereza kulisitishwa. Anayekuuzia kazi ya kea leo ukiwa Mwanza anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Barua ya udhamini, ile mnayoiita COS, hutolewa na mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wafanyakazi, na haiuzwi. Sheria ya huko inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi wa visa hii gharama ya barua hiyo. Wakala akikutajia milioni za COS, hapo hapo umeshapata jibu.

Wauguzi habari yao ni tofauti, na hili naliandika kwa ajili ya vijana wetu wanaomaliza masomo pale Bugando. Muuguzi aliyesajiliwa na baraza la wauguzi la Uingereza bado anaweza kupata visa ya afya na kuandamana na familia yake, na wote wanasamehewa ada ya huduma ya afya. Ila Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba wa wahudumu wa afya, na Uingereza imekubali kutokwenda kuajiri kwenye nchi hizo. Muuguzi anaruhusiwa kuomba kazi yeye mwenyewe moja kwa moja. Wakala anayezunguka wodini kukusanya majina ndiye asiyeruhusiwa.

Kwa fani nyingine, kima cha mshahara kimepanda sana. Kabla ya Aprili 2024 kilikuwa pauni 26,200 kwa mwaka, kikapanda hadi 38,700, na tangu Julai 2025 ni 41,700, au zaidi pale ambapo kazi yenyewe ina kiwango chake cha juu. Kazi inapaswa kuwa ya ngazi ya shahada, isipokuwa chache zilizowekwa kwenye orodha ya muda ya kazi zenye uhaba wa watu, na wanaoingia upya kwa orodha hiyo nao hawaleti familia. Kiwango cha Kiingereza kinachotakiwa pia kimepandishwa, kutoka B1 (cha kati) hadi B2 (cha juu zaidi) kwa waombaji wapya tangu 8 Januari 2026.

Halafu pigeni hesabu kabla ya kumwambia mtu "njoo na familia". Kwa wasiosamehewa, ada ya huduma ya afya ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka wa visa, na inalipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba. Mke na watoto wawili kwa miaka mitatu ni pauni 7,761. Hapo visa yenyewe hujalipia.

Dada yenu wa Nyakato

*

Shikamoo dada. Mimi niliingia kwa visa ya kea mwaka 2023, nipo Leicester. Mke wangu yuko Misungwi, mahari nilitoa yote lakini cheti hatuna. Je, nimeshachelewa?

*

Marahaba mdogo wangu. Hujachelewa. Waliokuwa tayari kwenye visa hiyo kabla ya 11 Machi 2024 bado wana haki ya kuleta familia, hata wakiongeza muda au kubadilisha mwajiri, mradi wasiwe wametoka kwenye njia hiyo katikati. Itunze barua ya visa yako ya kwanza, maana tarehe yake ndiyo itakayokutetea.

Kuhusu cheti, ndoa ya kimila inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, na inasajiliwa. Wazee wa pande zote mbili wawepo, waende kwa msajili wa wilaya. Msifunge ndoa mpya kwa ajili ya karatasi halafu tarehe zikapingana na mlichokwisha kujaza kwenye fomu zenu. Angalia pia jina la mke: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na pasipoti viandikwe herufi kwa herufi sawa. Huku kwetu mtu anaitwa jina la babu nyumbani na la baba shuleni, na kurekebisha kunachukua muda kuliko visa yenyewe.

Vipimo vya kifua kikuu na alama za vidole ni Dar es Salaam. Cheti cha kifua kikuu kinadumu miezi sita, kwa hiyo asipande basi Nyegezi kabla karatasi nyingine hazijakamilika.

*

Wabeja dada. Na sisi akina mama? Mwanangu yuko kwa bibi yake Sengerema, baba yake yupo Geita na amekubali kwa maandishi mtoto aje kwangu. Niliingia mapema 2023.

*

Mama, barua ya baba peke yake haitoshi. Kwa kawaida wanataka wazazi wote wawili wawe Uingereza, au wewe uthibitishe kwamba malezi yako mikononi mwako peke yako. Kusanya risiti za ada ulizolipa, miamala ya simu kwenda kwa bibi, barua ya mwalimu mkuu ikisema ni nani anayefanya maamuzi juu ya mtoto, na kadi ya kliniki. Vya miaka yote uliyokuwa huko, siyo vya mwezi huu tu. Mimi naweza kuvuka daraja Jumamosi hii nikaonane na bibi na shule, ukinitumia jina la shule pembeni.