Mrejesho: Yule "wakala wa mitindo" aliyemwomba binti yangu picha

Wakuu, asanteni kwa ushauri mlionipa nilipoeleza kuwa jamaa anayejiita wakala wa mitindo anamwomba binti yangu picha kwa meseji. Wengi mlisema tumbloku tu yaishe. Tulianza na kupiga picha za skrini za meseji zote, jina la akaunti likionekana, ndipo tukambloku. Nikapiga 116, ile namba ya bure ya msaada kwa watoto, kisha tukaenda Dawati la Jinsia na Watoto, polisi huku Mbagala. Afande wa kike aliongea na binti mimi nikiwa nje, na huko ndiko alikofunguka: jamaa alikuwa ameshatishia kusambaza picha ya kwanza aliyotumiwa na binti. Jalada limefunguliwa, upelelezi unaendelea. Simu sijamnyang'anya. Mama mkwe anasema namdekeza, lakini nikimnyang'anya, kesho akitishwa atamwambia nani?