Koti ngumu kwenye meno ya gia, inasaidia kweli?

spana17: Wakuu habari zenu. Nina giaboksi ya konveya, gia ndogo imeliwa meno mara ya pili sasa, nikifungua nakuta vishimo kama vichwa vya pini ubavuni mwa jino, chini kidogo ya katikati, ila ncha bado zinang'aa. Kuna mtu kaniambia gia mpya niipakishe TiN (titani naitraidi), ile koti ya rangi ya dhahabu ya kwenye drili. Koti ngumu si ndo inazuia chuma kulika?

mzee_wa_giaboksi: Mkuu, kwanza jua jino limekufa kwa ugonjwa gani. Hivyo vishimo ni uchovu wa chuma, meno yakikandamizana mkazo mkali kabisa hauko juu, uko ndani kidogo chini ya ngozi, na koti yenyewe ni mikroni 2 au 3 tu, itafikaje huko? Koti ikipunguza msuguano vishimo vinaweza kuchelewa, ila ufa ulioanzia ndani haiuzuii, na jino linalokatikia shinani ndo kabisa. Koti inafaa pale utando wa oili kati ya meno unapokatika, meno yakashikana na kuchanana, utaona michirizi imetoka shinani kwenda nchani, halafu katikati inapotea maana pale meno yanabingirika tu hayatelezi. Ugonjwa huo DLC, koti ya kaboni ngumu inayofanana na almasi, inautibu vizuri sana.

chuma_moto: Naongezea, TiN kwa kawaida inapakwa kwenye joto la nyuzi 400 na zaidi, wakati gia iliyokomazwa ngozi kwa kaboni mara nyingi imerudishwa moto (kupashwa tena baada ya kukomazwa ili isiwe rahisi kuvunjika) kwenye 150 hadi 200 hivi. Ukiipeleka huko inalainika, unabaki na koti ngumu juu ya chuma laini, ni ganda la yai hilo, mzigo ukija linapasuka na vipande vinaingia kwenye oili vinasaga mpaka beringi. Ukilazimika kupaka, ulizia zinazopakwa kwa joto la chini, na waambie gia yako ilirudishwa moto nyuzi ngapi.

spana17: Asanteni sana. Nimeenda kuiangalia tena kwa tochi, vishimo vyote viko mwisho mmoja wa urefu wa jino, ule wa kwenye mota, mwisho wa pili hata alama za mashine bado zinaonekana.

mzee_wa_giaboksi: Basi shafti haziko sambamba mkuu, mzigo wote unabebwa na kipande cha jino! Acha habari za koti, zilinganishe shafti ziwe sambamba na cheki beringi, halafu paka meno rangi ya bluu uzungushe kwa mkono uone yanagusana wapi kabla hujawasha.