Seva ya video nyumbani inakwama kwenye simu: Jellyfin, Plex au VLC?

Mpangaji wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina laptopu ya zamani, i5 ya kizazi cha tatu, nimeifanya seva ya nyumbani kwa Jellyfin, programu ya kurusha video zako kwenye tivii na simu. Humo kuna harusi ya dada yangu na video za babu akiwa hai. Mama anazitazama karibu kila jioni. Kwenye tivii ya sebuleni hazina shida. Kwenye simu ya mama zinacheza sekunde chache, kiduara kinazunguka, zinacheza tena. Ya harusi ndiyo imezidi. Nihamie Plex, programu nyingine ya aina hiyo, au nimwekee VLC, kicheza video cha kawaida?

Fundi wa Kinondoni
Mkuu, usihame kwanza. Mama akiwa anatazama, fungua ukurasa wa msimamizi wa Jellyfin. Kwenye kisanduku cha simu yake bonyeza alama ya i: utaona kama faili linakwenda lilivyo au seva inaligeuza kwenda muundo mwingine, na kwa nini. Baadhi ya wapiga video wa harusi siku hizi wanatoa HEVC, kodeki yaani njia ya kubana video, tena ya biti 10, yenye ngazi nyingi zaidi za rangi. Tivii yako inaifungua yenyewe, ndiyo maana sebuleni kumetulia. Quick Sync ya kizazi cha tatu, yaani sehemu ya chipu ya Intel inayogeuza video, inajua kodeki ya zamani ya H.264, HEVC haijui. Hiyo ya biti 10 chipu za Intel zimeimudu vizuri kuanzia kizazi cha saba. Kwa hiyo mzigo wote unaangukia prosesa. Sikiliza feni, itakuwa inavuma. Plex nayo ikilazimika kugeuza itakwama palepale, mashine ni ileile.

Mama wa Sinza
Mwanangu, nilihangaika hivyo na video za mahafali ya wanangu. Nilishea folda kwenye mtandao wa ndani, VLC ya simu ikaliona, na simu ikafungua video yenyewe bila kuichosha kompyuta. Ubaya wake, ukihamia kifaa kingine haijui uliishia wapi, na mtu mzima kutafuta video kwenye mafolda ni kumtesa. Mwambie na mama kwamba bando haliliwi, video inatoka humo humo ndani. Mzee wangu aliogopa wiki nzima kuifungua.

Mpangaji wa Tabata
Shikamoo mama. Fundi, nimeangalia: kodeki ya video haikubaliki, na prosesa iko asilimia 98. Mbona simu yenyewe bado mpya?

Fundi wa Kinondoni
Simu haina kosa. Kwenye mipangilio ya programu ya Jellyfin ya Android kuna aina ya kicheza video. Kikiwa cha wavuti, kinategemea kivinjari kilichomo, na mara nyingi HEVC kinaikataa hata kama chipu ya simu inaiweza. Chagua kile cha ndani ya programu.

Mama wa Sinza
Marahaba mwanangu. Jaribu hilo kwanza.

Kijana wa Mbagala
Angalia na manukuu. Yale ya picha, PGS, mara nyingi seva inalazimika kuyachoma ndani ya video, yaani inageuza kila fremu. Yazime au weka SRT, yale ya maandishi matupu. Halafu laptopu ichomeke kwenye ruta kwa waya, simu iwe kwenye Wi-Fi ya 5 GHz. Kwenye nyumba zilizobanana 2.4 GHz imejaa Wi-Fi za majirani.
Kwa kutazama ukiwa nje, Plex inatoza tangu Aprili 2025. Jellyfin na Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa mtandao binafsi, nimevitumia bila kulipa, hata kwa ruta ya laini ya simu isiyo na anwani ya umma.

Mpangaji wa Tabata
Wakuu, nimebadilisha kicheza video. Za babu zimenyooka, feni imenyamaza, prosesa haifiki hata asilimia 10. Ya harusi sebuleni kwenye simu inacheza. Mama akiingia chumbani kwake inakata, maana kuna kuta mbili katikati, na faili ni la 4K, megabiti 60 kwa sekunde. Waya haufiki huko. Nimeamua kutoa nakala ya pili kwa HandBrake, programu ya kugeuza video, iwe H.264 ya 1080p, na ile halisi naiacha kama ilivyo. Niliongeza LUKU kwanza, nikaianzisha saa nne usiku. Asubuhi hii iko asilimia 71. Mama ameshapita mara mbili kuuliza kama imeiva.