Miche ya klematisi inanifia kwenye roshani, na Julai ndiyo kwanza imeanza

MamaVyungu
Wapenzi wa maua, hamjambo. Naombeni msaada. Mwishoni mwa mwaka jana nilichuma mbegu za klematisi kwa mamangu Limuru, ile ya kienyeji inayopanda miti kando ya msitu, maua madogo meupe na mbegu zenye mkia wa manyoya. Magoti ya mama hayamruhusu tena kushuka hadi kule chini inakoota, na ni ua alilolipenda tangu tukiwa watoto. Nataka nimwoteshee lake, apande mlangoni.

Nilizisia Januari. Wiki saba kimya, nikadhani zimeoza, kisha zikaota miche 22. Ilikwenda vizuri hadi katikati ya Juni. Tangu hapo haijaongeza jani hata moja, majani ya chini yamegeuka zambarau, na kila baada ya siku mbili tatu naamka nakuta mche umelala. Imebaki 15, yote kwenye trei moja. Leo nimeuinua ulioanguka nikautazama karibu: juu majani ni mabichi kabisa, lakini pale shina linapoingia udongoni limebana, jembamba kama uzi, rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa.

Naishi Kasarani, Nairobi, ghorofa ya tatu, roshani inatazama kusini. Namwagilia kidogo kila asubuhi. Nimesoma maelezo ya watu wa Uingereza wanaofunika miche isiuawe na baridi. Niiingize jikoni?

MzeeWaKitalu
Pole, binti yangu. Hiyo si baridi, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuozesha shina la mche. Shina kubana hapo chini ndiyo alama yake. Vimelea vyake huishi kwenye udongo unaokaa na maji bila jua, na Julai ya Nairobi ni hiyo hiyo: mawingu hadi mchana, udongo haukauki. Nyuzi 11 au 12 za alfajiri haziui klematisi iliyotoka Limuru, kwenye baridi zaidi.

Acha kumwagilia kila siku. Tia kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, ondoka. Ukikuta pakavu, weka chombo ndani ya beseni la maji robo saa, kinywe kutoka chini, na ufanye hivyo saa nne asubuhi, kamwe si jioni. Mche uliokufa utoe pamoja na udongo wake, uutupe mbali.

Dirisha_Langata
Dadangu, mimi miche yangu ya nyanya huifunika kwa nailoni usiku kucha na inanawiri. Jaribu.

MzeeWaKitalu
Nyanya ni jambo jingine, inataka joto. Huyu ukimfunika unamfungia unyevu na ugonjwa ndani. Anachohitaji ni upepo mwepesi kati ya mche na mche.

NjeYaMsitu
Mimi niko Tigoni, jirani na Limuru, niongeze mawili. La kwanza, sakitu, yaani umande unaoganda, huku kwetu huja Januari na Februari, usiku wa mbingu safi, si Julai. Kwa hiyo yale maelezo ya Uingereza yaweke kando. London mwishoni mwa Desemba mchana haufiki urefu wa saa 8, mmea unapata ishara ya kulala. Hapa mchana una urefu wa saa 12 hivi mwaka mzima. Miche yako imepunguza mwendo tu.

La pili, roshani yako. Mwezi huu jua liko upande wa kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo roshani ya kusini haipati hata mwali mmoja. Usiiingize jikoni. Omba jirani wa upande wa pili akuwekee, au ipandishe kwenye paa mahali penye jua la asubuhi.

Zambarau isikutishe. Mizizi ikipoa hunyonya kirutubisho cha fosforasi kwa shida. Mbolea usiiguse hadi Septemba.

MamaVyungu
Asanteni sana. Je, niitenganishe sasa au ningoje? Nasikia mizizi yake haipendi kuguswa.

MzeeWaKitalu
Ni kweli haipendi, na ingekuwa mizima ningekuambia ngoja. Lakini ugonjwa unatembea kwenye trei hiyo. Kata udongo kwa kisu kama mkate, kila mche na bonge lake, usiikung'ute mizizi. Panda kwenye mboji iliyoiva na mchanga wa mto uliooshwa, nusu kwa nusu. Samadi mbichi hapana. Vaa glavu, utomvu wake huwasha ngozi.

NjeYaMsitu
Na ikianza kukua tena, ikifika urefu wa kidole, kata ncha itoe matawi chini. Mwambie mama avumilie, ua la kwanza linaweza kuchukua miaka miwili au mitatu. Siku ya kumpandia, mizizi iwe kivulini, kichwa juani.

MamaVyungu
Narudi, leo ni Agosti 19. Miwili ilikufa wiki ile ile niliyoitenganisha, tangu hapo hakuna mwingine. Iko 13 kwenye paa, mwenye nyumba amekubali. Mmoja ulidondosha majani yote nikataka kuutupa. Nikageuza chombo kwanza: kwenye tundu la chini umechungulia mzizi mweupe, mnene kama tambi. Nimeurudisha mahali pake. Mama ameniuliza mara mbili kwa simu kama ule uchi umevaa jani.