Mhandisi wa miaka 36 kuhamia sheria, inawezekana?

Mhandisi_Makorora:
Habari zenu wana Tanga. Mimi ni mhandisi ujenzi, kazi zangu ni barabara na mifereji ya mvua. Zege halinisumbui, mipaka ndiyo inayonikosesha usingizi. Tukifika na greda anatokea mzee na karatasi ya kijiji, mwingine anaonyesha minazi aliyopanda babu yake. Mwenye ramani ni mimi, wa kuwaamua si mimi, na anayeumia ni yule asiyejua aende wapi.

Nimesoma habari za Leonard Mandamin wa Wikwemikong, Kanada, Mwanishinaabe, yaani wa jamii ya wenyeji asilia wa kule. Alianza na uhandisi, akahamia sheria, 1999 akawa jaji wa mahakama ya jimbo la Alberta, 2007 akaingia Mahakama ya Shirikisho. Kwetu njia hiyo ipo? Nina watoto wawili, kazi siwezi kuacha.

Bi_Chumbageni:
Ipo, mwanangu. Nimekuwa karani wa mahakama hadi nikastaafu. Chuo Kikuu Huria wana kituo hapahapa Tanga, shahada ya sheria unaisoma ukiwa kazini. Pagumu ni baadaye: mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, Dar, mwaka mzima. Anza kuweka akiba sasa. Ndipo uombe uwakili. Ujaji uko mbali: Katiba ibara ya 109 inataka miaka isiyopungua 10 kwenye fani, na anayeteua ni Rais, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ukiingia kwa ajili ya cheo utachoka njiani.

Wakili_Ngamiani:
Njoo, kaka, tunakuhitaji. Kwenye kesi za ardhi mashahidi wanaongea siku nzima, ramani imelala kwenye jalada hakuna wa kuisoma. Usajili wako wa bodi ya wahandisi usiuache.

Na huyo Mandamin, soma alichofanya kwa Watsuut'ina, wenyeji asilia walio jirani na mji wa Calgary, hukohuko Alberta. Mahakama yao ilianza 2000, naye akiwa jaji. Kesi inayofaa inapelekwa kwa wasuluhishi wa jamii, mkosaji, aliyekosewa, ndugu na wazee wanakaa duara. Mabaraza yetu ya kata tangu 2021 hayaamui tena kesi za ardhi, yanasuluhisha tu. Mtu anayejua kupima kiwanja na anayejua sheria angefanya kazi kubwa pale.

Mhandisi_Makorora:
Shikamoo Bi Chumbageni, ahsante sana. Wakili, nashukuru kaka. Jumatatu napita pale Huria. Ada wanapokea kwa awamu?

Bi_Chumbageni:
Marahaba. Waulize hapohapo, na ubebe vyeti vyako vyote, hata cha kidato cha nne.