Mrejesho: Django ilikuwa inaniletea wateja wasiohusika

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyepitwa: natumia Django (zana ya Python ya kutengenezea mifumo ya wavuti), na nilitaka initolee kwenye hifadhidata wateja waliolipa kwa M-Pesa mwaka 2024, lakini orodha ilikuja na watu ambao 2024 walilipa taslimu tu. Nikadhani data imeharibika.

Kumbe kosa langu. Nilikuwa nimeandika hivi:

Mteja.objects.filter(malipo__njia="mpesa").filter(malipo__tarehe__year=2024)

Aliyeniambia nichapishe print(qs.query), nione SQL (lugha ya hifadhidata) ambayo Django inaiandika kutokana na ombi langu (qs), Mungu ambariki. Jedwali la malipo lilikuwa limeunganishwa mara mbili! Yaani kila filter() (kichujio) inatafuta malipo yake: mteja akiwa na M-Pesa ya 2021 na taslimu ya 2024, anapita. Nikaweka masharti yote kwenye filter() moja:

Mteja.objects.filter(malipo__njia="mpesa", malipo__tarehe__year=2024).distinct()

Sasa yote mawili lazima yatimizwe na malipo yaleyale. Hiyo distinct() ya kuondoa marudio niliisahau mwanzoni, mama mmoja aliyelipa mara nne akatokea mara nne, bosi akauliza kama tuna mapacha.

Angalizo kwa exclude(), ile ya kuwatoa wanaotimiza masharti: hapo kuweka masharti pamoja hakusaidii, kwa sababu haiyafungi kwenye malipo mamoja. Nimelazimika kuchuja malipo kwanza, halafu:

Mteja.objects.exclude(malipo__in=Malipo.objects.filter(njia="mpesa", tarehe__year=2024))

Ripoti imekwenda jana jioni. Yule aliyesema nihamie SQL tupu, samahani mkuu, bado nipo nipo kwanza.