Naomba ushauri: majina ya Wachina wa San Francisco na vitabu vya ukoo vya Taishan

Habari zenu ndugu, na shikamooni wakubwa.

Nafuatilia familia zilizotoka Taishan, mkoani Guangdong, kwenda San Francisco enzi za sheria ya Marekani ya kuwazuia Wachina (1882–1943). Majalada ya uhamiaji yaliyohifadhiwa San Bruno, karibu na San Francisco, ni hazina kubwa, maana mahojiano yanataja kijiji na hata mpangilio wa nyumba zake. Kinachonikwamisha ni majina. Karani aliandika alivyosikia, hivyo ukoo mmoja, 陳, unatokea kama Chan au Chin, ilhali kwa pinyin (maandishi rasmi ya Kichina kwa herufi za Kilatini) ni Chen. Tena moto wa San Francisco wa 1906 uliteketeza kumbukumbu za kuzaliwa, na baadaye wengi waliingia kwa ukoo wa kununua. Ndio wale “wana wa karatasi”, yaani watoto kwenye nyaraka tu.

Nimejaribu vitabu vya ukoo (jiapu) vilivyomo kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch. Kutafuta kwa Chen kunaleta msitu. Nikaweka Xinning, jina la Taishan kabla ya 1914: afadhali, ingawa Hunan nako kuna Xinning yake. Kurasa zenyewe ni picha, maneno ya ndani hayatafutiki.

Naomba kujua mawili:

Kuna orodha ya mtandaoni ya vijiji vya Taishan inayotafutika kwa matamshi ya Kitaishan, ikanipa herufi za Kichina?

Na jalada likikosa sahihi ya Kichina, mnathibitishaje ukoo wa kweli: kwa jina la ndoa (jina ambalo mwanamume alipewa alipooa), kaburi, au nyaraka za chama cha ukoo?

Natanguliza shukrani.